Kutembea taratibu kando ya Ruaha Mdogo: shajara ya mradi, Juni hadi Agosti

Jumamosi, 7 Juni

Tumepima njia. Kutoka darajani Ipogolo, hapa Iringa, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapouvuka mto Ruaha Mdogo, hadi kwenye mkuyu ambao Dogo anasema ndio mwisho wa kutembea bila kuloa, ni kilomita 3 na ushee. Kwenye mpango tuliandika matembezi ya saa 3. Tumetumia dakika 48, na humo Mwalimu alisimama mara mbili kufunga kamba za viatu.

Mto hauna kosa hapo. Sisi watatu wote ni watu wa kuwahi. Mimi kwa miaka tisa napeleka wageni Hifadhi ya Ruaha: naendesha, nasimama, naonyesha simba, naondoka. Dogo ni wa bodaboda. Mwalimu alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu, na hadi leo anatembea kama mtu aliyesikia kengele ya kipindi. Leo alitutangulia hatua ishirini njia nzima, akieleza mambo ya maana ambayo hakuna aliyeyasikia.

Kwa atakayesoma humu bila kujua tulianzia wapi: mgeni akija Iringa hulala usiku mmoja, asubuhi anaelekea hifadhini. Mji anaujua kwa kituo cha mafuta na duka la vikapu. Na wenyeji nao tusijisifu. Nimewauliza vijana kumi wa Gangilonga na Mlandege kama wamewahi kushuka mtoni. Wawili tu wamewahi, mmoja kwa kubatizwa. Mji uko juu kwenye ukingo wa mlima, mto uko chini, na kwa miaka mingi mji umeupa mto mgongo. Tunataka watu washuke, watembee polepole, wasikie habari za mto wakiwa mtoni.

Jumatano, 11 Juni

Mwalimu ameleta andiko. Kurasa 11, vituo tisa, mwandiko wa ubaoni. Nimelisoma usiku kucha, na nakiri nimejifunza mambo ambayo nimekuwa nikiyapita na gari kila wiki.

Kwamba neno Iringa limetokana na “lilinga”, yaani ngome, kwa Kihehe. Kwamba lilinga lenyewe halikuwa hapa mjini. Lilikuwa Kalenga, kando ya mto huuhuu, makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mnamo 17 Agosti 1891 watu wake walikivizia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo wakakivunja, na kamanda wake Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, akafia hapo. Wajerumani walirudi miaka mitatu baadaye na mizinga, na 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa akatoroka, akapigana vita vya porini karibu miaka minne, huku kichwa chake kimetangaziwa zawadi. Mwaka 1896 Tom von Prince, afisa wa Kijerumani, akaanzisha kituo kipya hapa juu kwenye ukingo. Kikaitwa Iringa Mpya. Yaani jina lilipanda mlima, mto ukabaki chini.

Hilo la mwisho ndilo lililoniamsha kitandani. Nimekuwa nikidhani mji umeupa mto mgongo kwa uvivu wa watu wa mjini tu. Kumbe mgongo huo una mwaka wake.

Ubishi ukaja kwenye vituo. Mwalimu anataka kituo cha nne, pale kwenye majabali, pawe pa kusimulia mapigano ya Kalenga. Nikamwambia, Mwalimu, Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka mjini. Mgeni ataondoka akidhani mizinga ilipigwa Ipogolo. Akasema mto ni mmoja. Nikasema ndiyo, ila mizinga haikuwa mto. Hakunijibu mpaka chai ikaisha. Tumeamua yawe matembezi mawili: mafupi ya hapa Ipogolo, na mengine ya Kalenga kwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Jaribio la kwanza. Tumeharibu.

Tulikuwa tisa: sisi watatu na marafiki sita waliokubali kuwa wageni wa mfano. Kwa kuwa tunaanzia kando ya barabara yenye malori, niliwavalisha wote vizibao vya rangi ya chungwa vyenye mistari inayong'aa. Mimi nilikamata ubao wa kuandikia. Dogo alikuwa na futikamba kiunoni, ya kupimia umbali kati ya kituo na kituo. Nilijiona tumejipanga kweli.

Tulipotokea kwenye vinyungu palikuwa na akina mama wanne wakimwagilia na kijana mmoja na pampu ya petroli. (Kwa asiye wa huku: vinyungu ni matuta ya bondeni yanayolimwa kiangazi, mvua zikishakata, kwa unyevunyevu wa mto. Mahindi ya kuchoma unayokula mwezi wa kumi wakati shamba la mlimani ni vumbi tupu, yametoka huko.) Wakatuona. Kijana akakata pampu, akaibeba begani na mpira wake ukiburuzika, akazama matetini. Akina mama watatu wakamfuata. Jembe moja lilibaki limesimama kwenye tuta, mpini juu.

Mama mmoja hakukimbia. Alisimama mikono kiunoni akatungoja.

“Kamwene, mama,” Mwalimu akamsalimu.

“Kamwene. Mmekuja kupima tena?”

Wageni wangu wa mfano hawakuelewa. Sisi tulielewa palepale, na vile vizibao vikaanza kuwasha mwilini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ina sababu zake. Hata leo tumeona mahali ambapo ukingo umelimwa mpaka majini na udongo umeporomoka. Lakini ukiwa na tuta lako mita 20 kutoka majini, watu tisa wenye vizibao, ubao na futikamba hawawezi kuwa watalii.

Tuliomba radhi, tukarudi kwa njia ya juu. Dogo alidondosha futikamba huko huko na hakuna aliyetaka kurudi kuitafuta.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi na Dogo, bila kizibao, bila karatasi. Shangazi yake Dogo anasali kanisa moja na yule mama, kwa hiyo tulipata pa kuanzia. Tulikaa kwenye gogo akiendelea kupalilia.

“Mwanangu,” akaniambia, “mtu akija huku na karatasi, huwa anaondoka na kitu.”

Nikamweleza tunachotaka: kutembeza watu, kuwaonyesha mto wa historia. Akauliza historia ipi. Nikamwambia habari za Mkwawa. Akapiga jembe mara tatu nne kabla hajasema.

“Na Mkwawa alikuwa anakula nini kiangazi?”

Sikuwa na jibu. Kwenye kurasa 11 za Mwalimu kulikuwa na bunduki, mikuki, majina ya maofisa na tarehe zao, ila chakula hakikuwamo hata mstari mmoja.

Masharti yake: tusikanyage matuta, tusipige picha sura za watu bila kuuliza, tusije kabla ya saa 2 asubuhi kwa sababu ya umande, na anayepita anunue mboga. Nimekubali yote. Mchana tulipita ofisi ya serikali ya mtaa; mwenyekiti ametupa baraka na barua, akacheka sana habari ya vizibao.

Jumamosi, 28 Juni

Jaribio la pili. Baridi kali, ukungu umelala juu ya maji mpaka saa 3 kasoro. Tumetumia saa 2 na dakika 25 kwa njia ileile, na nataka kuandika kilichotusaidia kabla sijasahau.

Kwanza, anayetangulia sasa ni mtu mzima kuliko wote kwenye msafara, awe mgeni au mwenyeji, na hakuna kumpita. Hili ni wazo la Dogo. Nilidhani Mwalimu atakasirika. Amefurahi, maana leo alikuwepo bibi wa miaka 74 na yeye Mwalimu akawa kijana. Bibi yule alisimama alipotaka. Kwenye kila kusimama kwake kulikuwa na kitu: mti wa dawa, mahali walipokuwa wakifua, jiwe la kusugulia miguu. Vituo vyetu tisa vimekufa na sijavililia.

Pili, andiko la Mwalimu limebaki kurasa 2. Alilikata mwenyewe. Kila tarehe aliyoifuta aliitamka kwanza kwa sauti, kama anayeaga.

Tatu, jina la mto linasemwa mapema kabisa. Ruaha limetokana na “Luvaha”, ambalo kwa Kihehe ni mto. Kwa hiyo tukisema Mto Ruaha tunasema Mto Mto. Watu hucheka, na wakishacheka hupunguza mwendo. Sijui kwa nini, ila nimeliona mara zote.

Sehemu mbaya: kama mita 200 ambapo kuna matanuri ya matofali, mashimo ya mchanga, na taka zilizoshuka na mvua kutoka mjini. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini tunapita hapo. Rafiki yangu wa hotelini ananishauri tupandishe watu juu kwa kichochoro tuwashushe mbele. Nimekataa. Nyumba nusu ya mji zimejengwa kwa matofali na mchanga wa bonde hili, na taka zile zina chupa za vinywaji tunavyokunywa sisi. Tutapita, tutanyamaza, tutaendelea. Kwenye mchanga pale ndege fundichuma amejenga kiota juu ya mti, kikubwa kama kapu la kuku, na wapo wazee wanaokataa hata kumnyooshea kidole. Bibi yetu alikataa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, mji umelala. Mambo ya ofisi tu: bei tumekubaliana, wenyeji nusu ya wageni, watoto wa shule bure. Sanduku la huduma ya kwanza limenunuliwa. Fimbo kumi za mianzi zimekatwa na kulainishwa. Dogo amezichoma alama kwa moto na zinapendeza kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 19 Julai

Kalenga. Tumechagua tarehe hii kwa makusudi: 19 Julai 1898 ndipo Mkwawa alipojipiga risasi kule Mlambalasi asikamatwe akiwa hai.

Tulianza kwenye makumbusho, nyumba ndogo tu, ambamo fuvu lake limo kwenye kioo. Njia liliyopitia fuvu lile inachosha hata kuisimulia. Lilipelekwa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha likatajwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba lirudishwe, na halikurudi. Ikapita miaka 35. Gavana Edward Twining alilipata kwenye makumbusho ya Bremen na kulikabidhi hapa Kalenga 19 Juni 1954 mbele ya Wahehe na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mwalimu husimulia habari hii kwa dakika 40. Leo aliingia, akavua kofia, akasoma kibao, akatoka. Nilimngoja aanze. Akasema twendeni mtoni.

Kutoka pale mtoni ni mwendo mfupi, tuliufanya mrefu. Tulipita kwenye mashamba yaliyokaa juu ya ngome. Mtu asiyeambiwa haoni kitu. Aliyeambiwa huanza kuona ukuta katika kila mwinuko wa ardhi, na hilo nalo lina hatari yake. Upande wa pili kwa juu ni Tosamaganga. Wenyeji hufasiri jina hilo kuwa “tupa mawe” na kulihusisha na mizinga iliyotupwa kutokea huko.

Mtoni palikuwa na watoto wakiogelea na baridi ile. Mwalimu alikaa kwenye jabali, akauliza kundi lile swali nililoulizwa na mama wa vinyungu: boma lote hili, na mifugo, na askari, kiangazi lilikula nini? Kila mtu akaangalia bonde. Lilikuwa kijani kibichi, matuta yamepangwa mpaka kwenye kona ya mto, katikati ya milima iliyokauka. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi, na Mwalimu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakueleza.

Jumamosi, 2 Agosti

Ugomvi. Niliugua, nikamwachia Dogo watu watano darajani. Jioni mmoja wao akanitumia ujumbe wa kushukuru, hasa kwa habari ya nyoka mwenye vichwa viwili anayelinda ule mkuyu wa mwisho.

Nyoka gani?

Dogo anasema wageni walikuwa wanasinzia. “Kaka, wanapenda vitu kama hivyo. Nimewapa.” Mwalimu alipanda hasira ambayo sikuijua, akasema mtu aliyevunjiwa ngome, akachukuliwa kichwa, akarudishiwa baada ya miaka zaidi ya 50, hahitaji nyoka wa kuazima. Dogo akasema hajazungumzia Mkwawa, amezungumzia mti. Mimi nipo katikati na homa yangu.

Tumeweka kanuni: kisichojulikana hakisemwi, na hadithi ya mzee husemwa kuwa ni ya mzee. Lakini nimemwambia Mwalimu pembeni kwamba Dogo amesema kweli kuhusu kusinzia. Kile kipande cha mwisho hakina kitu, ni mikaratusi mitupu. Dogo amepewa kazi ya kutafuta kitu cha kweli cha kusema pale, na ametakiwa kukipata kabla ya tarehe 17, siku ya matembezi ya kwanza ya kulipia.

Jumatano, 13 Agosti

Dogo amekipata, na amekipata kwenye bili ya umeme.

Ukisimama chini ya mkuyu, anasema, tupa jani majini ulifuate kwa maneno. Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, ule unaopita hifadhini na ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi. Maji yanaingia bwawa la Mtera, megawati 80. Yanashuka Kidatu, megawati 204. Yanaingia Rufiji, na hapo yanakutana na Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Kisha bahari. Jani moja, mabwawa matatu. Na kabla ya hayo yote, mji wa Iringa wenyewe unakunywa mto huu. Chanzo kiko Ndiuka, jirani tu na tulipo.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamsahihisha matamshi ya Kidatu, akampa mkono.

Jumapili, 17 Agosti

Matembezi ya kwanza ya kulipia. Siku ya Lugalo, imetokea tu, ndiyo Jumapili iliyokuwa wazi. Watu 11: wageni wanne, wanafunzi wawili wa chuo, familia ya watu watano kutoka Kihesa. Tumetumia saa 3 na dakika 20. Tuliongozwa na baba mkubwa wa ile familia, mwenye goti bovu, na nimeliombea lile goti lisipone haraka.

Kwenye vinyungu hakuna aliyekimbia. Yule kijana wa pampu alituangalia, akaangalia mikono yetu, akaendelea. Mwanafunzi mmoja aliuliza vikapu vya Iringa vinasukwa kwa kitu gani. Mwalimu akavuta pumzi ya kujibu, na yule mama akamwahi, akaingia majimaji hadi magotini, akakata milulu kadhaa, akaonyesha jinsi ya kuipasua, kuianika na kuikunja. Dakika 25. Halikuwa kwenye mpango wowote na lilikuwa jambo zuri kuliko yote ya leo. Nimemwambia tumlipe kama mwongozaji. Amesema tulipe, nani amekataa.

Dogo alisema habari ya jani na mabwawa yake. Mama naye alikuwa amefuatana nasi hadi mkuyuni, akasikiliza akiwa amejishika kidevu.

“Kwa hiyo haya ndiyo yanawasha taa huko Dar?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi siku wakija kupima, waje na mimi wanipimie taa moja.”

Kurudi, tulipofika kwenye tuta lake, niliona futikamba yetu ya mwezi wa sita. Ameifungia kwenye mti wa kibanda chake cha majani. Akaona nimeiona.

“Nimepima mwenyewe,” akasema. “Kibanda kiko mita sabini na moja. Mahindi yako hamsini na nne. Hizi chainizi ndizo zimo ndani kabisa.”

Dogo alinyoosha mkono aifungue. Mwalimu akamvuta shati.

Mapato ya leo yameingizwa daftarini. Matumizi: malipo ya mama, chai ya watu 11, chainizi mafungu 14, nauli za bajaji. Futikamba mpya haitanunuliwa.